Kwa Nini Flashi Inamulika Nusu? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota katika miaka ya kupiga picha za harusi, sendofu na mahafali Dar es Salaam. Mengine niliyauliza mwenyewe nilipokuwa naanza. Karibu kila anayeuliza huanza kwa kusema flashi yake ni mbovu, na mara chache sana huwa mbovu kweli. Kabla hujapeleka chochote kwa fundi, ikuze picha kwenye skrini utazame lile giza limekaaje. Lina ukingo ulionyooka kama rula? Limepinda kama mwezi mchanga? Limejificha kwenye kona nne? Au linaongezeka polepole kuelekea nyuma? Umbo la giza ndilo linalomtaja mkosaji.

Chini ya picha kuna mkanda mweusi ulionyooka. Umetoka wapi?

Umetoka kwenye shata. Kamera nyingi za kubadilisha lenzi zina mapazia mawili mbele ya sensa (si ile ya kuhesabu watu, ni kile kibamba kinachopokea picha). Pazia la kwanza hufungua njia, la pili hulifuata na kufunga. Kasi ikiwa ndogo, kuna kitambo ambapo sensa nzima iko wazi, na hapo ndipo flashi hupiga. Ukipandisha kasi kupita kiwango fulani, pazia la pili huondoka kabla la kwanza halijafika, na kinachobaki wazi ni upenyo tu unaotembea. Flashi nayo haisubiri mtu: ikiwa kwenye nguvu zote huwaka kama sehemu ya elfu moja ya sekunde, na nguvu ikipunguzwa huwaka kwa muda mfupi zaidi. Kipande kilichokuwa wazi wakati huo kinapata mwanga, kilichofunikwa kinabaki gizani.

Kiwango hicho mafundi hukiita kasi ya sinki. Canon 1200D na Nikon D3500 zinaishia 1/200 ya sekunde, Canon 6D ni 1/180, Nikon D850 ni 1/250. Yako iangalie kwenye kitabu chake, usiikisie kwa kuangalia ya jirani.

Mkanda hukaa chini kwa sababu lenzi huipindua taswira ndani ya kamera. Pazia linaanza kufunika juu ya sensa, na juu ya sensa ndiko chini ya picha. Ukiwa umeishika kamera wima, mkanda unahamia kushoto au kulia, na ndiyo maana wengine huja wakidhani wana matatizo mawili tofauti.

Nilipotumia flashi ya ndani ya kamera haukuwepo. Mbona umekuja niliponunua triga ya kuwasha flashi kwa redio?

Flashi ya ndani, au ya nje inayoongea lugha ya kamera yako, huiambia kamera kwamba ipo. Kamera inakataa yenyewe kupanda juu ya kasi ya sinki. Triga za bei nafuu zenye ncha moja tu ya chuma katikati hazisemi chochote. Kamera haijui kama kuna flashi, hivyo inakuachia uende 1/1000 ukitaka, na majuto yanabaki kwako.

Halafu kuna kuchelewa. Ishara ya redio inachukua muda kidogo kusafiri na kuchakatwa, na triga dhaifu huchelewa kiasi kwamba hata 1/200 iliyoandikwa kwenye kitabu inatoa ukingo mwembamba wa kivuli. Shuka 1/160. Ukiendelea kuuona, shuka 1/125. Ndani ya ukumbi hutapoteza kitu, maana kinachogandisha mwendo wa watu pale ni mwako wa flashi na wala si shata.

Nilijifunza hili kwenye harusi ya bustanini, saa kumi jioni. Jua lilikuwa kali, nikapandisha shata hadi 1/320 ili kulituliza, nikasahau kabisa habari ya triga. Kwenye kiskrini kidogo cha nyuma picha zilionekana nzuri, kwa sababu mwanga wa mchana ulijaza ule mkanda ukawa wa kijivu tu. Nyumbani, kwenye kompyuta, kila gauni lilikuwa limepauka kuanzia magotini kwenda chini. Kwa hiyo ukiwa nje usisubiri mkanda mweusi tii. Tafuta mahali ambapo mwanga unabadilika ghafla kwenye mstari ulionyooka.

Nimesikia HSS (sinki ya kasi ya juu) inaondoa tatizo hilo. Kwa nini basi nisiiache imewashwa muda wote?

Kwa sababu inakula nguvu. Kwenye HSS, ambayo Nikon huiita FP, flashi haipigi mara moja. Inapigapiga haraka haraka muda wote ambao ule upenyo unatembea, ili kila kipande cha sensa kipate sehemu yake. Mwanga unagawanywa vipande vingi, kwa hiyo umbali inaofikia unapungua sana na betri inachoka mapema. Nje kwenye jua, mtu akiwa karibu, inafaa. Ukumbini usiku huihitaji.

Giza langu la chini limepinda kama nusu duara. Nalo ni shata?

Hapana. Mapazia ya shata hayajui kupinda. Hicho ni kivuli cha lenzi yenyewe, au cha hudi, ile plastiki inayofungwa mbele ya lenzi kuzuia jua. Flashi ya ndani imekaa chini mno, hivyo lenzi ndefu inakaa njiani kama mtu mrefu aliyekaa mbele yako kwenye kochi wakati wa mpira. Huonekana zaidi ukiwa 18 mm na mtu yuko karibu. Ukivuta hadi 55 mm mara nyingi hutoweka. Toa hudi, rudi nyuma hatua mbili, vuta lenzi. Kama lenzi ni nene kiasi kwamba kivuli hakiishi, ni flashi ya nje tu itakayokusaidia, kwa kuwa kichwa chake kiko juu zaidi.

Katikati kunang'aa, kona zote nne zina giza.

Kichwa cha flashi kina zumu yake, na haifanani na lenzi yako kwa wakati huo. Lenzi iko 24 mm, flashi imebaki 105 mm: umewapa wageni tochi. Flashi ikiwa juu ya kamera na zinaelewana, zumu huifuata lenzi yenyewe. Ukiiweka kwenye stendi na triga, haijui umebadilisha lenzi, kwa hiyo iweke mwenyewe. Kwa lenzi pana zaidi, vuta kile kibamba cha plastiki kilichofichwa juu ya kichwa. Kwenye flashi nyingi kinafikisha 14 mm.

Ukiwa hapo, hakikisha kichwa kimekaa sawa. Kikiwa kimegeuka nyuzi chache upande mmoja, na kwenye mkoba hugeuka chenyewe, upande mmoja wa picha utakuwa na mwanga na mwingine hauna.

Watu wa mbele wameungua, wa nyuma hawaonekani. Nimeongeza nguvu ya flashi na hali imezidi kuwa mbaya.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linawaudhi watu kwa sababu halihitaji kununua kitu. Mwanga wa flashi hupungua kwa mraba wa umbali. Hiyo ni lugha ya darasani. Ya ukumbini ni hii: aliye mita 2 kutoka kwenye flashi akipata mwanga wa kutosha, aliye mita 4 anapata robo yake. Ukiongeza nguvu, unamwongezea kila mtu kwa kiwango kilekile. Wa nyuma anaanza kuonekana, wa mbele anageuka karatasi.

Chukua kamati ya harusi imepangwa mistari miwili, wa mbele mita 2 kutoka kwako, wa nyuma mita 3. Wa nyuma wanapata kama asilimia 44 ya mwanga wa wenzao, chini ya nusu. Sasa rudi nyuma, wa mbele wawe mita 5 na wa nyuma mita 6, kisha vuta lenzi wajae kwenye fremu kama mwanzo. Wa nyuma sasa wanapata karibu asilimia 70. Watu ni walewale na mita moja kati yao ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba mita moja hiyo imekuwa kitu kidogo ikilinganishwa na safari yote.

Kurudi nyuma kuna gharama yake, maana mita 5 zinataka mwanga zaidi ya mara sita ya mita 2. Hapo ndipo ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, inapoingia. Chukua flashi ndogo ya ndani yenye namba ya nguvu 12 kwa mita kwenye ISO 100. Gawanya 12 kwa tundu la lenzi, tuseme f/5.6, unapata mita 2 na kidogo. Ndiyo uwezo wake wote. Panda ISO 400 umbali unakuwa mara mbili, mita 4 na kidogo. ISO 1600, zaidi ya mita 8. Vijana wengi wanaogopa ISO kwa sababu waliambiwa inaleta chenga. Chenga kidogo zinasameheka. Mjomba asiyeonekana usoni kwenye picha ya ukoo hatasameheka, na atakukumbusha kila mkikutana.

Njia nyingine ni kuinua flashi. Iweke kwenye stendi, ipande mita 2 na nusu au zaidi, kisha elekeza kichwa chake kwenye nyuso za mstari wa nyuma. Wa mbele watapata ukingo wa mwanga tu, na kwa kuwa wako karibu, ukingo unawatosha.

Kama wote wako sawa ila ukumbi nyuma yao ni pango, shata yako ni ya haraka mno kwa taa za pale. Shuka 1/60, pandisha ISO hadi 800 au 1600, taa za mapambo ziingie zenyewe. Flashi haitaufikia ule ukuta wa mbali hata uiombe.

Nikipiga kwenye dari mwanga unatulia. Kwa nini kumbi nyingine haifanyi kazi?

Kwa sababu dari siyo dari tu. Dari nyeupe ya jipsamu yenye mita 3 ni rafiki: mwanga unagonga, unatawanyika, unashuka kama wa dirisha kubwa. Ukumbi wa dari ya mita 8 umetandikwa vitambaa vya zambarau, mwanga unapanda, unachoka, na ukirudi unarudi na zambarau. Hoteli za pwani zenye paa la makuti ndizo ngumu kuliko zote. Makuti yanameza mwanga kabisa. Pale usihangaike. Tumia mwavuli mweupe kwenye stendi, au geuka utafute ukuta mweupe pembeni au nyuma yako.

Kosa jingine ni kupiga dari iliyo juu ya kichwa cha mtu. Mwanga ukimshukia wima, macho yanakuwa mashimo na kidevu kinatupa kivuli shingoni. Elekeza kichwa cha flashi juu na kidogo nyuma yako, mwanga umrudie kutoka mbele. Ukuta wa kijani, uso wa kijani. Hilo halina mjadala.

Picha moja ina mwanga, inayofuata ina giza, ya tatu ina mwanga.

Betri. Kila mwako wa nguvu zote unataka flashi ijaze kapasita upya, na kwa betri za AA inaweza kuchukua sekunde kadhaa. Ukibonyeza kabla haijajaa, inapiga nusu au haipigi. Betri za kuchaji za NiMH hujaza haraka kuliko alkalaini ingawa zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5, kwa sababu hutoa umeme mwingi kwa mkupuo mmoja bila kulegea. Usichanganye mpya na za zamani. Na shusha nguvu hadi 1/4 huku ukipandisha ISO: utapiga picha kadhaa mfululizo bila kuishiwa.

Kama betri ni nzima, pangusa vile vyuma vidogo chini ya flashi na pale inapochomekwa kwenye kamera. Jasho na vumbi la miezi sita hukaa pale. Flashi iliyopata joto kupita kiasi nayo hujipunguza yenyewe, ipumzishe.

TTL inampata bwana harusi lakini bibi harusi anaungua, dakika baadaye inakuwa kinyume.

TTL, yaani flashi kujipangia nguvu yenyewe, hutupa mwako mdogo wa kupima kabla ya mwako wenyewe, kisha inakadiria. Inapenda kudhani kila kitu mbele yake ni kijivu. Ikijaa shela nyeupe inasema mwanga umezidi, inapunguza, na nyuso zinafifia. Ikijaa suti nyeusi au buibui inaongeza, na nyuso zinaungua. Hivyo basi, kwa nyeupe nyingi ongeza fidia ya flashi kama +2/3, kwa nyeusi nyingi punguza vivyo hivyo. Lakini maharusi wakiwa wamesimama mahali pamoja na wewe hausogei, weka flashi kwenye M (nguvu unaipanga mwenyewe), pima mara moja, basi. M haibabaishwi na gauni.

Mwako huo wa kupima pia ndio unaowafanya wageni wengine watoke wamefumba macho. Kwenye M haupo.

Wawili wamesimama pamoja, mmoja ana ngozi nyeusi sana, mwingine maji ya kunde. Nani nimpimie?

Usimpimie yeyote kwa kumwonea mwenzake. Sogeza taa. Mwenye ngozi nyeusi zaidi akae upande wa flashi, au geuza kichwa cha flashi kimwelekee yeye, mwingine apate ukingo. Hatua moja ya kusogea hubadilisha mengi kuliko nusu saa ya kompyuta. Pia epuka mwanga mkali wa moja kwa moja: ngozi nyeusi hung'aa kipajini na puani chini ya taa ndogo, ilhali chini ya mwavuli au softiboksi inatoa umbile lake lote. Tishu ya kufuta jasho iwe mfukoni, usione aibu kuitoa.

Uso mweupe wa baridi, nyuma rangi ya chungwa. Na wakati mwingine kuna mistari ya giza na mwanga inapishana.

Hayo ni mambo mawili. Rangi kwanza: flashi ina joto la rangi kama 5500 K, sawa na mchana, balbu za njano ziko karibu 2800 K. Funga jeli (karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga) ya rangi ya chungwa mbele ya flashi, weka kamera kwenye mpangilio wa balbu, zote zitaongea lugha moja.

Mistari haihusiani na flashi. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi za LED za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ukiwa 1/200 shata inaukamata huo upepesaji. Shuka 1/100 au 1/50. Na zima shata ya kimya ya kielektroniki: kwenye kamera nyingi ndiyo inayozidisha mistari, na nyingi hazipigi flashi kabisa ikiwa imewashwa.

Kuna viduara vyeupe vinaelea kwenye picha. Mama mkwe anasema si vya kawaida.

Ni vumbi. Punje iliyo karibu na lenzi inamulikwa kwa nguvu na kutoka nje ya fokasi, inaonekana duara kubwa. Matone ya mvua hufanya hivyohivyo. Piga tena na flashi ikiwa mbali na lenzi, viduara vitapungua. Mama mkwe mjibu kwa adabu.

Flashi ya simu inaniletea ukungu na kivuli upande mmoja.

Kava. Makava mengi mazito yana ukingo unaorudisha mwanga wa ile LED kwenye lenzi. Litoe, pangusa kioo. Kisha izime flashi hiyo kabisa, mwombe mwenzako awashe tochi ya simu yake kwa pembeni, aifunike na tishu nyeupe moja. Utashangaa.

Napiga paspoti saizi, kivuli cha kichwa kinabaki kwenye kitambaa.

Mtu amekaa karibu na kitambaa. Msogeze mbele mita moja na nusu. Taa mbili, kila upande moja, zote kwa umbali uleule na nguvu ileile, juu kidogo ya macho. Kama una moja tu, weka upande wa pili ubao wa povu mweupe, hata kipande cha boksi la friji kilichobandikwa karatasi nyeupe.

Nitajuaje kama flashi ni mbovu kweli?

Tafuta ukuta mweupe usio na kitu, simama mita 2, zima taa. Flashi iwe kwenye M, nguvu 1/4. Piga 1/125, 1/160, 1/200, 1/250, 1/320, uone mkanda unaanza wapi. Hiyo ndiyo sinki yako halisi, na triga yako ikiwa humo ndani. Rudi 1/125, badilisha zumu ya flashi na ya lenzi, angalia kona. Toa hudi, rudisha hudi. Mwisho piga kumi mfululizo, ukisubiri taa ya utayari kila mara.

Baada ya hayo yote, kama upande mmoja wa ukuta bado una giza hata kichwa kikiwa kimenyooka, au zile kumi hazifanani na betri ni mpya, tazama kioo cha mbele cha flashi. Mrija ulioungua na kuwa mweusi, au kioo kilichoyeyuka, huonekana kwa macho. Hapo nenda kwa fundi. Usiifungue mwenyewe: kapasita yake huhifadhi volti za mamia hata betri zikiwa zimetolewa.

Harusi imeshapita. Naweza kuziokoa kwenye kompyuta?

Inategemea giza ni lipi, na kama ulipiga RAW (faili ghafi la kamera). Linaloongezeka polepole linaokoleka: weka maski ya mteremko kuanzia nyuma, inua vivuli, punguza chenga. Kona nne pia, kwa kirekebishi cha kingo. Mkanda wa shata uliojazwa na mwanga wa mchana unaweza kuung'arisha kwa maski yenye ukingo mkali, kazi ya kuchosha lakini inawezekana. Mimi nilifanya kwa magauni yale, usiku mbili. Mkanda mweusi tii hauna kitu ndani. Ukate. Kama ukikata unaondoka na miguu ya maharusi, wapigie simu leo uwaeleze, kabla hawajaanza kuulizia albamu.